Ahadi Uliyoniomba kwa Ajili ya Diwani

Elinami, binti yangu,

Habari za blanketi, dawa ya mbu, chaja ya akiba na namna ya kuishi na wenzako bwenini umeshapewa na mama yako. Najua umepewa zote, kwa sababu nilikuwa chumba cha pili nazisikia, na nyingine zilikuwa zinanihusu mimi. Huko sina cha kuongeza. Mwanamke yule akishafunga begi, hata malaika hapati pa kuchomeka soksi.

Sasa hivi uko Nkoaranga kumuaga bibi yako. Kwa ninavyomjua mama yangu, hutaachiwa mpaka umekula machalari ya ndizi sahani ya pili na umepakiwa parachichi ambazo zitaivia Dodoma na kuozea Mbeya. Baba yako mdogo amesema atakurudisha hapa Njiro ukishamaliza kula, na kesho saa nne asubuhi gari lake linaondoka na wewe. Kwa hiyo nina jioni hii tu. Nimekaa barazani, karatasi iko juu ya trei ya chai kwa sababu meza imejaa vitu vyako, na Diwani amelala hapa chini.

Ninataka nikuandikie habari zake. Usicheke. Najua wazazi wengine usiku kama huu huandika habari za maisha, na mimi baba yako, mwalimu wa Baiolojia mwenye diploma mbili, naandika habari za mbwa. Lakini juzi uliniomba ahadi, na nikakujibu jibu la mtu mwoga. Uliweka lile kopo jipya la vidonge kwenye kiganja changu, ukasema, "Baba, hizi ni za mbwa kabisa, ona, zina picha ya mbwa. Niahidi utampa kila siku. Niahidi nikirudi likizo nitamkuta."

Nikasema, "Tutaona, mama."

Ukafurahi. Ukaniamini! Umekaa na mimi miaka yote hii na bado hujui kwamba "tutaona" yangu ni "hapana" iliyovaa koti.

Barua hii ndiyo jibu lenyewe. Ila siwezi kukupa jibu peke yake, maana utanichukia, na utakuwa na haki. Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Unakumbuka ule mwezi wa saba alipoanza kuchechemea? Ulikuwa kidato cha tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukakaa hapa Njiro wiki nzima kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Asubuhi moja nikafungua mlango, na Diwani, ambaye kazi yake ilikuwa kupanda ngazi hizi kwa fujo na kunipaka matope kwenye suruali ya kazini, akabaki pale chini akiniangalia. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akautoa. Akauweka tena. Nikamwambia, "Vipi mheshimiwa, umegoma?" Nikacheka mwenyewe, nikaenda kazini na suruali safi. Nilifurahia ile suruali safi, Eli. Nimeifikiria sana.

Bibi yako ndiye aliyempa jina hilo siku tulipomchukua kule kwake, bado anaingia kwenye kikapu cha ndizi. Alisema mbwa huyu kila kikao anasimama na kupayuka, kazi hafanyi. Basi diwani wetu alipogoma ngazi, mtaa mzima ukawa madaktari. Jirani akasema ni baridi, avalishwe. Tukamvalisha sweta lako la shule la zamani, na kwa wiki mbili wanafunzi wangu waliokuwa wanapita hapa wakawa wananiuliza mwenzao wa kijani anasoma mkondo gani. Bibi akatuma magome ya kuchemshia supu, yale wanayotumia wazee wa Kimasai kwa miguu. Diwani akanywa ile supu, akapenda. Mguu haukupenda wala kuchukia.

Na mimi? Mimi nina ubao darasani ambao nimeuchorea goti mara nyingi kuliko nilivyochora sahihi yangu. Mfupa huu, mfupa huu, katikati gegedu, laini, linaloteleza, likiisha mifupa inasuguana na kiungo kinavimba na kuuma. Nawafundisha watoto wa watu. Nyumbani nikasema, "Ni uzee tu, utapita." Uzee unapita kwenda wapi, sijui.

Halafu likaja lile kopo la kwanza. Hadithi yake unaijua kwa mdomo wa mama yako, ambaye huisimulia akiniiga sauti, kwa hiyo leo nipe nafasi nami nijitetee.

Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha, tumesimama nje kwenye mnada wa sadaka kama kawaida. Jogoo ameshanunuliwa, trei za mayai zimekwenda, mkungu wa ndizi umegombewa na wamama wa kwaya. Mzee wa kanisa anayenadisha akainama kwenye kapu, akainua kopo jeupe. Mama Upendo, yule anayeuza virutubisho kila baada ya ibada, alikuwa ametoa kopo lake moja kama malimbuko.

"Hili la magoti!" mzee akapaza sauti. "Linalainisha viungo, limetoka nje ya nchi! Nani ana magoti hapa?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu wangu mstaafu akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha. Akapandisha. Nikapandisha. Mama yako akanibana kwenye ubavu, "Baba Eli, magoti yako yana nini?" Nilikuwa namwona Diwani chini ya ngazi. Yule mstaafu akapandisha tena, nami nikapandisha kama mtu anayegombea shamba la urithi, mpaka akashusha mkono akasema kwa sauti, "Mwacheni Mwalimu, anaonekana anaumwa kweli."

Mchungaji aliponipa mkono akanicheka, "Sasa tutakuona ukipiga magoti vizuri."

Ningesemaje pale mbele za watu kwamba ni za mbwa? Sadaka imeombewa madhabahuni, nami nakwenda kumtilia mbwa kwenye ugali! Nikalitia mfukoni. Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili washarika wananiuliza, "Mwalimu, magoti?" na mimi nawajibu, "Mungu ni mwema." Ili nisiwe mwongo kabisa, nikawa nameza kimoja na kumpa Diwani kimoja. Wewe uliligundua hilo mapema, ukatuita "wagonjwa wa kopo moja."

Alivyokuwa mjanja huyu! Tulificha kidonge kwenye ugali wa dona, akala ugali wote, akakiacha kidonge kwenye sinia kimelambwa hadi kinang'aa. Tukakifunga kwenye utumbo, akautema utumbo. Ni wewe uliyekuja na ndizi mbivu. Ulikuwa unakata kipande, unachomeka kidonge, unakila kipande kingine mbele yake kwa madaha, na yeye kwa wivu anameza chako bila kutafuna. Nilikuwa nakuangalia kutoka dirishani. Nikasema moyoni, mtoto huyu ameshanizidi akili, na bado hajamaliza kidato cha nne.

Na akapona. Au ndivyo tulivyosema. Yule kijana wa mitungi ya gesi alikuja, Diwani akamkimbiza mpaka getini, nikapiga simu Nkoaranga, nikampigia baba yako mdogo, nikamwambia hata Mama Upendo, ambaye alinishika mikono na karibu alie. Akaniuliza kama anaweza kutoa ushuhuda wa magoti yangu kwenye jumuiya. Nikamwambia asubiri kidogo.

Na kwa sababu alikuwa amepona, nikamzidishia chakula. Hapo ndipo nilipokosea kwa furaha kabisa. Nyumbani kwetu, mtu akiumwa anapewa supu, akipata nafuu anapewa nyama. Hatuna namna nyingine ya kusema tunakupenda. Kwa hiyo kila jioni supu ya kichwa, mifupa yenye mafuta, ukoko wa wali. Diwani akaanza kunenepa akawa kama kiti cha sofa. Nikawa najivunia. Wageni wakiingia nasema, "Unaona huyu? Alikuwa hawezi kusimama."

Ni wewe uliyesema tumwite daktari wa mifugo. Nilipinga. Nikasema daktari wa mifugo ni wa ng'ombe. Ukasema, "Baba, unaogopa nini?" Nilichokuwa naogopa ni kuambiwa kwamba kopo langu halina kitu.

Daktari Mollel akaja na pikipiki yake, akavua kofia, akamtazama Diwani akijaribu kuinuka, na kabla hajamgusa akasema, "Mwalimu, hapa kuna uzito wa mbwa wawili, na unabebwa na miguu ya mbwa mmoja."

Akampapasa nyonga, akaukunja mguu taratibu, Diwani akageuza kichwa kumlamba mkono. Nikasema, "Ona, haumwi. Angeumwa angelia."

Akasema, "Hawalii hawa. Mbwa anayelia kwa maumivu ya viungo ameshaumia siku nyingi. Mtazame anavyolamba midomo nikifika hapa. Mtazame masikio."

Nikatazama. Miaka yote nilikuwa natazama mkia.

Nikamletea lile kopo, kidogo nikiwa na kiburi. Akasoma maandishi yale madogo yote, kwa subira, kama mtu asomaye mtihani wa mwanafunzi anayempenda. Akatuambia mambo ambayo ulinirudilia usiku ule neno kwa neno kwa sababu mimi nilikuwa nimenuna sikusikia vizuri. Kwamba vidonge hivi havioteshi gegedu lililokwisha. Kwamba wako wanaoona wanyama wao wakipata nafuu kidogo, na wako wasioona kitu, hata wataalamu hawajakubaliana. Kwamba mafuta ya samaki angeyaamini zaidi, yanaweza kupunguza uvimbe kwa baadhi yao, lakini kwa kipimo na kwa wiki nyingi, si kwa kunywesha leo na kushangilia kesho. Kwamba vingine vya binadamu, hasa vya kutafuna, vinatiwa utamu ambao kwa mbwa ni sumu, na kwa bahati hili halikuwa nao. "Na zile dawa zenu za kutuliza maumivu," akasema, "usithubutu. Zitamtoboa tumbo na kumuua figo. Ukiwa na kirutubisho mpe, lakini mpe kama chumvi ya mboga. Mboga yenyewe ni kupunguza uzito, kutembezwa kidogo kidogo, kulala pakavu, na dawa ya mbwa nitakayompa mimi."

Nikabisha. "Lakini amepona, daktari! Alimkimbiza kijana wa gesi!"

Akakugeukia wewe. Akakuuliza kama una picha za video kwenye simu.

Ulikuwa nazo, maana hukuwa na mtoto mwingine wa kupiga picha. Ukatafuta ile ya kabla ya kopo, Diwani akiamka asubuhi, na ile ya juma lililopita, Diwani yule yule, asubuhi vile vile. Tukainama wote wanne juu ya kioo kile kidogo. Anatanguliza miguu ya mbele. Anasita. Anavuta nyuma. Anasita tena. Anasimama amepinda. Ukarudisha ya kwanza. Ukaweka ya pili.

Mama yako ndiye aliyesema. "Mbona ni yule yule?"

Uliiweka simu mfukoni, nikaona midomo yako imebana. Daktari, Mungu ambariki, hakunicheka. Alisema tu, "Anayetoa dawa macho yake hutaka kuona nafuu. Hata mimi hunipata."

Siku ile nilijifunza kitu ambacho sipendi kukiita somo. Vile vidonge vilikuwa dawa, ila vilikuwa dawa ya mkono wangu. Mkono ulikuwa umepata cha kufanya, ukaacha kuuma. Utakutana na makopo ya namna hiyo huko uendako, mengi yatakuwa mazuri kabisa, na wanaokupa watakuwa watu wema kama Mama Upendo. Sikukatazi kuyapokea. Nakuomba tu uwe na mtu mmoja anayeweza kukuuliza, kama mama yako, "Mbona ni yule yule?" na usimchukie.

Basi tukampunguzia mlo. Jinsi alivyoniangalia zile siku za kwanza! Kama mtu aliyepunguzwa mshahara bila barua. Tukaanza mafuta ya samaki kwa kipimo cha daktari, tukamtandikia gunia na godoro kuukuu pale pasipopita upepo, na jioni tukaanza kumtembeza. Kwanza mpaka getini. Kisha mpaka kwa fundi baiskeli. Kisha mpaka kwenye ule mti wa jakaranda na kurudi.

Mtaa ulifurahi. "Mwalimu, siku hizi unatembeza mbwa kama mzungu!" "Mwalimu, huyo ndiye mwenye nyumba au ni wewe?" Na yule fundi baiskeli kila jioni, bila kukosa, "Shikamoo Diwani, barabara yetu lini?" Wewe ulikuwa unamjibu, "Iko kwenye mchakato!" na unacheka mpaka unashika magoti.

Diwani alikuwa akitembea, anasimama, anapumzika. Hatukuweza kumharakisha wala kumwacha. Tulisimama naye. Eli, sijui kama unajua, lakini kabla ya hapo sikuwahi kusimama na wewe mahali bila shughuli. Nilikuwa baba wa ripoti ya shule. Ni pale karibu na jakaranda, Diwani amekaa chini anahema, uliponiambia hutaki udaktari, unataka upimaji wa ardhi. Ulisema ukiangalia mbali, kama unamwambia yeye. Nyumbani ningekukatiza. Ningetaja ada, ningetaja mtoto wa fulani, ningesimama niende zangu. Pale sikuwa na pa kwenda. Nimeshika kamba, na mwenye miguu mibaya hajamaliza kupumzika. Nikalazimika kusikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza kusikiliza nikakuta sina cha kubisha.

Kwa hiyo hii safari yako ya kesho, kwa namna fulani, imetoka kwenye nyonga ya mbwa. Sikuwahi kukuambia.

Ilikuwa miaka mizuri ile. Hapa sijidanganyi, video zake zipo na hata mama yako amekubali. Alipungua, akawa anaweza kupanda ngazi hizi, pole pole, akijiegemeza ukutani kama mzee wa kanisa. Uliondoka kwenda kambi ya jeshi baada ya kidato cha sita ukamwacha amesimama.

Sasa nifike pale nisipotaka.

Ulipokuwa kambini, mvua zilinyesha vibaya nje ya msimu. Siku moja aliteleza hapa kwenye vigae, miguu ya nyuma ikafunguka kila mmoja upande wake, na sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwake. Daktari akaja, akamchoma sindano, akabadilisha dawa. Akapata nafuu, akarudi nyuma. Akapata nafuu ndogo zaidi, akarudi nyuma zaidi. Ukapiga simu zile Jumapili mlizoruhusiwa, swali lako la kwanza kila mara, kabla hata ya shikamoo, "Diwani anaendeleaje?" Na mimi nikasema anakula vizuri. Nikasema amekutafuta. Jumapili moja nilikuambia amemkimbiza kijana wa gesi. Alikuwa hajainuka tangu juzi yake; kijana wa gesi mwenyewe ndiye aliyenisaidia kumgeuza upande wa pili ili tumbandue kwenye mkojo wake.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mbali na hungeweza kufanya kitu. Ndivyo nilivyojiambia. Ila nadhani nilipenda pia kumsikia yule Diwani wa kwenye simu. Alikuwa na afya nzuri sana yule.

Ndiyo maana wiki iliyopita ulipoingia getini na begi la kambi ukamwita, na yeye akapiga mkia chini mara kadhaa bila kuinuka, ulinitazama vile. Sijasahau ule uso. Kesho yake ukapanda gari ukaenda mjini, ukazunguka maduka ya dawa za mifugo, ukarudi na kopo la picha ya mbwa. Nilikuona ukikata ndizi mbivu. Nilikuona ukila kipande chako mbele yake kwa madaha yale yale. Na nilimwona yeye akigeuza kichwa, si kwa ujanja kama zamani, ila kwa sababu ndizi ilikuwa mbali naye na kugeuka kunauma. Ukasema, "Atazoea."

Juzi, ulipokwenda kusukwa, Daktari Mollel alipita. Alipomgusa nyonga Diwani alimuonyesha meno. Diwani! Aliyemlamba mkono siku ya kwanza. Daktari akarudisha mkono wake, akakaa hapa kwenye ngazi, halafu akasema, "Mwalimu, dawa ninazo. Lakini figo zimechoka na dawa, na maumivu yamezidi dawa. Nikiendelea, namwendeleza kwa ajili yenu."

Nikamuuliza, "Na vile virutubisho vipya alivyoleta binti?"

Akasema, "Ni vizuri. Ningempa miaka mitatu iliyopita."

Tukakubaliana aje na sindano ile ya mwisho, ukishaondoka. Mama yako akasema, "Usimwambie mtoto. Mwache aende na moyo mwepesi. Utamwambia akishazoea chuo." Alisema kwa kukupenda, usimwekee kinyongo. Na mimi niliitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga yale nitakayokuambia kwenye simu. Kwamba anakula vizuri.

Kisha leo mchana nimekuona umekaa naye juani unamchambua kupe nyuma ya masikio, unamweleza habari za Mbeya, baridi yake, jinsi utakavyomletea mchele wa Kyela. Nikaona kwamba nikinyamaza, utakuwa umemuaga bila kujua umemuaga. Hilo sitaweza kukurudishia. Kila kitu kingine ninachokosea kwako huwa narekebisha kwa supu.

Kwa hiyo hapana, Eli. Siwezi kukuahidi kwamba nitampa zile dawa kila siku, na siwezi kukuahidi kwamba utamkuta. Hutamkuta. Kopo lako ni zuri, na mkono wako ni mzuri kuliko wangu, lakini nimeangalia zile video zako mpya ulizopiga wiki hii, uliacha simu kwenye chaji, unisamehe. Umezipiga nyingi. Nadhani na wewe umeshaona. Nadhani ahadi uliniomba mimi kwa sababu ulitaka mtu mwingine aseme ndiyo, ili usiwe peke yako kwenye kusema hapana. Niko hapa. Tuseme wote wawili.

Nimempigia daktari tena jioni hii. Amesema anaweza kupita kesho saa moja asubuhi, kabla gari halijaja, na anaweza kuja baada. Sikumpa jibu. Ukitaka kumshikia kichwa, njoo uniambie, nitampigia aje asubuhi, na baba yako mdogo atasubiri hata mpaka mchana, nitampa chai. Ukiona huwezi, kalale, sitakugongea, na kesho sitakuangalia kwa jicho lolote. Nitamshikia mimi. Usidhani kuna mtoto mwema anayebaki na mtoto mbaya anayeondoka. Mimi mwenyewe babu yako alipokuwa anakata roho nilikwenda nje kuangalia kama ng'ombe wana maji. Walikuwa nayo.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, pale utakapotaka kuweka zile parachichi utakazokuja nazo, maana najua utazitafutia mahali. Mama yako nimeshamwambia nimekuandikia. Alininunia kidogo, akaenda jikoni, akarudi akanishika bega.

Nimekwisha. Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni gari lenu linakata kona, labda siyo. Diwani ameinua sikio moja tu. Ameweka kichwa juu ya mguu wangu, na kichwa chake kizito, mguu umekufa ganzi kitambo, lakini ndiyo kwanza amepata usingizi, kwa hiyo sisogei. Ukiingia utanikuta hapa.

Baba yako